Mbunge akitaka kugusa suala la nyumba: maelekezo ya aliyekuwa akimbebea faili

Nilikaa katika ofisi ya mbunge mmoja wa Pwani ya Kenya kwa mihula miwili. Cheo changu hakikuwa cha kutamanika: nilikuwa nasoma miswada usiku ili mchana mheshimiwa asije akasimama Bungeni kuunga mkono kitu kitakachomrudia nyumbani. Tangu nitoke, haupiti mwezi kabla sijapigiwa simu na kijana aliyeajiriwa na mbunge mwingine. "Shikamoo dada. Mheshimiwa anataka tufanye kitu kuhusu nyumba za bei nafuu. Naanzia wapi?" Anabip, nampigia mimi. Salio limekwisha na sauti imekauka, basi nimeandika. Chukua kalamu.

Anza na fasili

Kila mbunge hutaka kwanza kujua nyumba ngapi zitajengwa eneobunge lake, maana idadi ndiyo inayopigiwa makofi. Mwache na idadi yake. Wewe fungua mswada pale mwanzoni kabisa, kwenye kifungu cha fasili, panaposemwa neno hili maana yake ni hili. Wengi hupapita haraka kwa sababu panachosha, na ndipo hapo watu huingizwa ndani au huachwa mlangoni.

Chukua Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Fasili zake zinatugawa kwa kipato cha mwezi: aliye chini ya shilingi 20,000 ni wa nyumba za kijamii, kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu, anayezidi hapo ni wa nyumba za tabaka la kati. Sasa mtazame mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na soko la Kongowea. Mwezi huu kapata 26,000. Mwezi ujao mvua imenyesha siku kumi, kapata 14,000. Yeye ni wa fungu lipi, na ni nani atakayemwandikia barua ya kuthibitisha? Hilo ni swali la kwenda nalo kwenye kamati, na ukiliuliza kwa mfano wa mama wa mahamri litajibiwa kuliko ukiliuliza kwa lugha ya semina.

Nitakwambia kwa nini nang'ang'ania fasili. Bibi yangu alikuwa na nyumba Majengo, Mombasa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi unapita katikati, uani choo na kisima, mbele baraza. Marehemu babu aliijenga kwa udongo na makuti, ikaja ikatiwa mawe chumba kwa chumba, makuti yakashuka, mabati yakapanda. Nyumba ilikuwa yao. Ardhi haikuwa yao. Kila mwezi mmoja wetu alitumwa kwa wakala wa mwenye ardhi na pesa zimekunjwa ndani ya kitambaa, akarudi na risiti. Bibi alizihifadhi risiti hizo katika kopo la biskuti, zimefungwa uzi mwaka kwa mwaka. Ninayo moja mpaka leo. Ni kikaratasi cha rangi ya waridi, jina lake limekosewa herufi moja, na pale penye "malipo ya" pameandikwa kwa mkono: kiwanja. Neno nyumba halimo popote. Lakini hiyo ndiyo karatasi pekee aliyokuwa nayo ya kuonyesha kwamba anaishi pale kwa haki.

Sisi hiyo tunaiita nyumba bila ardhi, na wa bara huwa wanadhani ni utani. Si utani. Kwa desturi ya Pwani mtu anaweza kuwa na nyumba juu ya ardhi ya mwenzake, akaiuza, akaipangisha, akawarithisha wanawe, mradi kodi ya kiwanja inalipwa. Sheria iliyoletwa na Waingereza ina msimamo mwingine: kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Sheria ya usajili wa ardhi ya Pwani ya mwaka 1908 ikawapa hati waliojitokeza kudai, na kizazi baada ya kizazi wenye hati wakabaki wachache huku waliojenga wakiongezeka. Mahakama za huku zimekuwa zikiitambua desturi yetu, lakini kutambuliwa na hakimu baada ya tingatinga kupita si sawa na kuandikwa katika sheria kabla halijawashwa.

Kwa hiyo kila niliposoma "mmiliki" katika mswada, nilimuuliza mheshimiwa: bibi yumo? Kama fidia inalipwa kwa mwenye hati, hayumo. Kama kipaumbele cha kurudi kwenye jengo jipya anapewa "mwenye ardhi na wapangaji wake", yeye hana ardhi wala si mpangaji wa nyumba, basi tena hayumo. Eneobunge lako nalo lina bibi wake. Nakuru na Kiambu ni mtu mwenye cheti cha hisa za kampuni ya kununua ardhi, kilichochakaa, hati haijatoka. Kibera na Mathare ni mwenye kibanda na mpangaji wake, wote wawili juu ya ardhi isiyo na jina la yeyote kati yao. Mtafute mtu huyo kabla ya kugusa kalamu. Mjue kwa jina, nenda kaiangalie karatasi yake, piga picha akikuruhusu.

Jua mlango unaopitia

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Mbunge mpya hupenda kuinukuu hiyo, na ni nzuri, lakini ukurasa utakaokuokoa ni Jedwali la Nne. Humo sera ya nyumba imewekwa kwa serikali ya kitaifa, na upangaji wa maendeleo, nyumba zikiwemo, umewekwa kwa kaunti. Mitaa ya zamani ya Mombasa kama Khadija, Mzizima na Tudor ni ya kaunti. Mtaa wa Buxton ulipobomolewa ili ujengwe upya, watu walikuja ofisini kwetu na maswali yao yote. Niliwakaribisha chai, nikaandika majina, nikawaeleza kwamba mwakilishi wadi wao ndiye mwenye kiti katika bunge linalohusika. Ukifanya hivyo utaambiwa unakwepa. Vumilia, ni afadhali kuliko kumwachia mheshimiwa aahidi kitu kisicho mkononi mwake.

Na ahadi kubwa ya kumkataza ni ile ya kumpatia mtu nyumba. Watakuja, kama wanavyokuja kwa basari. Mbunge hagawi nyumba hizo, watu hujiandikisha wenyewe kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuomba nyumba hizo. Mfundishe mheshimiwa aseme hivyo mara ya kwanza, mbele ya watu.

Sasa milango yenyewe. Wengi hutaka mswada wao binafsi, wenye jina lao. Mwonyeshe Ibara ya 114 kwanza: mswada unaogusa kodi au matumizi ya pesa za umma hauendi mbele bila pendekezo la kamati husika, nayo lazima izingatie maoni ya Waziri wa Fedha. Na niambie ni mswada gani wa nyumba usiogusa pesa. Nimeona mapendekezo mazuri yakizeeka kwenye droo kwa miaka.

Mlango mwembamba, na ndio ulio wazi, ni marekebisho kwa mswada wa serikali. Serikali imeshaleta mswada, pesa zimeshapigiwa hesabu, wewe unaingiza maneno machache. Marekebisho huandikwa kikavu kabisa, hivi:

KWAMBA kifungu cha 2 cha Mswada kirekebishwe katika fasili ya neno "mmiliki" kwa kuongeza, mara baada ya neno "ardhi", maneno "au nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine kwa makubaliano au kwa desturi".

Mswada ukiwa wa Kiingereza utayapeleka kwa Kiingereza, lakini yaandike kwanza kwa Kiswahili na umsomee mtu wa mtaani. Akikuuliza "maana yake nini?" rudi mezani.

Halafu saa. Mbunge asiyekuwa mwenye mswada lazima taarifa yake ya marekebisho imfikie Karani wa Bunge saa ishirini na nne kabla ya kuanza kwa kikao ambacho mswada utajadiliwa na Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakiupitia kifungu kwa kifungu. Kikao cha mchana huanza saa nane u nusu. Mimi, kwa mswada mmoja wa ardhi, nilifika mlangoni kwa Karani saa tisa kamili ya siku iliyotangulia, nimetoka jasho, karatasi bado ina joto la mashine. Nimechelewa nusu saa. Nilikuwa nimebishana na wino wa printa tangu saa saba. Mheshimiwa hakunigombeza, alinitazama tu, akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo nilikuwa napeleka marekebisho siku mbili kabla, na nakala moja yenye mhuri wa kupokewa inabaki kwenye pochi yangu.

Mlango wa tatu ni swali kwa waziri. Tangu 2023 mawaziri huja wenyewe mbele ya Bunge la Taifa kujibu. Swali lisiwe "serikali ina mpango gani". Hilo linajibiwa kwa hotuba. Uliza: katika mradi fulani, nyumba ngapi zimekabidhiwa, ngapi kwa kila fungu la kipato, na ngapi ziko wazi kwa kuwa walioitwa wameshindwa malipo ya awali.

Soma hukumu kabla ya mswada

Historia ni fupi na inafundisha. Mwaka 2018 sheria ya fedha ilileta makato ya mshahara kwa ajili ya nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Mahakama ikayasimamisha Desemba ya mwaka huo huo. Mwaka 2023 yakarudi kupitia sheria nyingine ya fedha, yakaanza kukatwa, na tarehe 28 Novemba majaji watatu wa Mahakama Kuu wakayatangaza kuwa kinyume cha Katiba. Sababu zao zinafaa kubandikwa ukutani: hapakuwa na mfumo kamili wa sheria wa kuyasimamia, na waliobebeshwa mzigo ni wenye mishahara rasmi peke yao. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuusimamisha uamuzi huo.

Ndipo ukaja mswada uliosimama peke yake, ukatiwa saini tarehe 19 Machi 2024, ndiyo ile Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Humo ukakuta bodi, hazina, mkusanyaji wa ushuru, kamati za nyumba za kaunti, na hata asiye na mwajiri ametajwa kwamba atalipa. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaukubali. Mtu akisoma hukumu ya 2023 halafu sheria ya 2024, ataona aya kwa kifungu jinsi moja ilivyozaa nyingine. Sisemi kwamba naupenda ushuru huo. Nasema aliyeuandika upya alisoma hukumu, na sisi wa upande wa pili tulikuwa bado tunasoma magazeti.

Piga hesabu ya mtu mmoja

Usiende kwenye kamati na asilimia. Nenda na karatasi ya mshahara ya mtu mmoja. Mimi nilizoea kuomba kwa wafanyakazi wa hoteli za Nyali; nafunika jina kwa kidole napiga picha.

Tumchukue anayelipwa 30,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025. Ushuru wa nyumba 450. Bima ya afya ya jamii 825. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, 1,800. Kodi ya mapato, baada ya kupunguziwa hayo yote matatu na ile nafuu ya kila mtu, inabaki 731. Jumla ya makato 3,806, anakwenda nyumbani na 26,194. Kwa ile fasili ya sheria, huyu ni mtu wa nyumba za bei nafuu, yumo ndani kabisa.

Sasa mpe mkopo wa shilingi milioni 2, riba asilimia 9 kwa mwaka, miaka 20. Kila mwezi atalipa karibu 17,995. Ongeza kwenye makato yake upate 21,801. Sheria ya Ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, kwake yeye 20,000. Ameshapita. Hata ukimhesabia nafuu ya kodi anayopewa mwenye mkopo wa nyumba, ikamfutia ile 731, bado makato ni 21,070. Na riba ikiwa asilimia 14, malipo ya mwezi ni kama 24,870. Hapo usisumbuke hata kutoa kikokotoo. Ndiyo maana nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 50 ina mikopo ya nyumba kama elfu thelathini tu.

Hesabu hiyo niliiandika kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa. Mwanakamati mmoja, mhasibu kabla ya siasa, aliirudia mwenyewe kwa simu yake, akakuta ni kweli, akaacha kuzungumza kwa muda. Ukishamfikisha mtu hapo, ndipo umuulize kuhusu ule mpango wa mpangaji kulipa polepole hadi nyumba iwe yake. Ni wa miaka mingapi? Akifukuzwa kazi mwaka wa kumi na mbili, anarudishiwa kitu? Nani analipia lifti na pampu ya maji? Kwa sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo, mtu anaweza kupata hati ya sehemu yake ya ghorofa, na hiyo ni hatua njema sana, lakini hati haipandishi maji orofa ya nane.

Na usisahau kusoma kinachokatazwa. Sheria ya 2024 inamzuia aliyenunua kuiuza nyumba yake bila kibali cha maandishi cha bodi. Nia yake naielewa: wenye pesa wasije wakazizoa zote. Lakini mheshimiwa wako ajue atakachoulizwa barazani. Bibi yangu, asiyekuwa na hata inchi ya ardhi, aliweza kumuuzia nyumba amtakaye asubuhi ile ile, mashahidi wawili na kikombe cha kahawa. Mwenye nyumba mpya ya ghorofa ataandika barua kwanza. Ni yupi kati ya hao ndiye mmiliki? Jibu lipo au halipo, lakini lifikiriwe kabla ya maikrofoni.

Kuhusu ukumbi wa maoni

Ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma. Kinachofanyika mara nyingi ni hiki: ukumbi, viti vya plastiki, maji ya chupa mezani kwa waheshimiwa, mswada wa Kiingereza wa kurasa nyingi, na dakika mbili mbili za kusema. Nilihudhuria kikao ambapo mzee alisimama, kofia mkononi, akasema, "Mimi nimekuja kutoa maoni juu ya kitabu ambacho sijakiona." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Fanya hivi. Wiki mbili kabla, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, pande mbili basi, wenye mambo manne tu: nani atalipa, nani atapata, nani ameachwa, na kifungu gani kinasema hivyo. Namba ya kifungu ni lazima, kwa sababu maoni yasiyotaja kifungu huishia kuandikwa "wananchi kwa jumla waliunga mkono" au "walipinga", na hakuna mwanasheria wa Bunge atakayeweza kuyageuza kuwa neno la sheria. Peleka karatasi hizo msikitini, kanisani, kwa akina mama wa chama, na kituo cha tuktuk. Kisha waombe walete maandishi, hata kwa mkono, yenye jina na sahihi. Ya mdomo husahaulika. Yaliyopokewa na kamati lazima yaonekane kwenye ripoti yake, na ripoti hiyo ndiyo mahakama itakayoidai siku ya kesi. Picha za mheshimiwa akisalimiana na watu zitajipiga zenyewe.

Sheria ikishapita

Watu wa ofisini watataka kusherehekea. Wewe fungua faili jipya liandikwe Kanuni. Sheria huacha mambo mengi kwa waziri: fomu, utaratibu wa maombi, vigezo vya mgawo, ushahidi wa kipato. Fomu ikiwa na kisanduku kimoja tu kinachodai namba ya hati, basi maneno yako machache uliyoyapigania yamezimwa na kisanduku. Kanuni zikichapishwa katika Gazeti Rasmi, waziri ana siku saba za vikao kuzifikisha Bungeni, na kuna kamati maalumu inayozikagua na inayoweza kupendekeza zibatilishwe. Weka alama ya tarehe kwenye kalenda, nenda kachukue nakala mwenyewe, usingoje uletewe. Ukishaipata, lile la fasili ndilo la kwanza. Huwa ukurasa wa pili au wa tatu.